Njia za miguu za Kigoma msizifunge, kuna watu tunakimbilia huko

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka mwisho wa reli. Mi ni fundi cherehani, nakaa Gungu hapa Kigoma, miaka yangu 47, sio mwanariadha na sijawahi kuwa, shuleni wakati wa mchakamchaka nilikuwa najificha chooni mpaka wenzangu wamalize kuzunguka. Nimeona niandike kwasababu tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025 kila mtu anataka kukimbia, jambo zuri kabisa, na gazeti lako kila wiki lina picha za watu wenye fulana za rangi moja wako kwenye lami, mara Dar mara Moshi mara Dodoma, na huku mikoani ukisikiliza watu wanavyoongea wote kilio kimoja, tunataka barabara nzuri za kukimbilia. Sasa mi nina neno tofauti kidogo. Sisi Kigoma za kukimbilia tunazo, tena zimekuwepo kabla ya lami, kabla ya reli, kabla ya Mjerumani mwenyewe, shida ni kwamba zinafungwa moja moja kimya kimya na hamna anayeona kama kuna kitu kimepotea.

Ngoja nieleze nilivyoingia kwenye hii habari. Miaka mitatu iliyopita nilienda kupima nikakutwa presha iko juu na sukari inaninyemelea, daktari akaniangalia akaniuliza kazi yako nini, nikamwambia cherehani, akasema basi hicho kiti ndo kinakumaliza, tembea au kimbia, chagua. Nikaenda soko la Mwanga nikanunua raba za mtumba, ya kushoto soli imelika kuliko ya kulia (mwenyewe wa kwanza sijui alikuwa anachechemea huko alikokuwa), nikajiunga na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu, Jumamosi kwa Jumamosi, Gungu mpaka Ujiji kwa lami na kurudi, nyimbo, filimbi, vijana mbele sisi wenye vitambi nyuma. Raha yake sitaikataa. Ila lami yenyewe sasa.

Watu wa Dar hili hamlijui. Saa yetu na yenu ni moja lakini jua sio moja. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua likishachomoza kwenu huku linachelewa karibu dakika 40, kwahiyo hiyo saa kumi na mbili asubuhi ambayo nyie mnaonana sura, Kigoma bado ni usiku, jua linatoka karibu na saa moja. Sasa kikundi kinaiga ratiba ya Dar, saa kumi na moja na nusu tuko barabarani giza totoro, na muda huo huo ndo bodaboda zinapandisha matenga ya dagaa na migebuka kutoka mwaloni kuwahi soko, nyingine haina taa, nyingine taa inayo ila dereva anabania betri. Mwaka juzi moja ikanipitia ubavuni nikaishia mtaroni, goti likapasuka, dagaa nusu tenga barabarani, na yule kijana badala ya kunipa pole akaanza kuniuliza dagaa zake nani atalipa. Nikacheka na maumivu yangu. Nilikaa nyumbani wiki mbili.

Nilivyopona nikawa natembea kwanza, jioni, maana faida ya kuwa magharibi ni hiyo, asubuhi inachelewa lakini jioni inakuwa ndefu, jua linazama kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa karibu saa moja usiku na mwanga unabaki baada ya hapo. Siku moja natembea pembeni ya barabara nikakutana na mama mmoja anashuka kutoka vijiji vya juu, njia ya kwenda Bitale, kichwani ndoo ya mawese lita ishirini, mgongoni mtoto wa mjukuu wake, anatembea mwendo ambao mi nikikimbia ndo ninaufikia. Nikamwamkia, shikamoo mama, akasema marahaba baba, akaniangalia goti akaniuliza nini, nikamhadithia. Akanijibu kwa mshangao kabisa, sasa baba mnakimbia barabarani mnatafuta nini, si mpite huku tunakopita sisi? Akanyoosha kidole. Nimeishi Gungu miaka 19 na ile njia nilikuwa naiona kila siku kama mstari tu mwekundu kwenye majani, sijawahi kujiuliza inaenda wapi.

Kesho yake nikaifuata. Mhariri, kilima cha kwanza kilitaka kunitoa roho. Kwenye lami nilikuwa najiona nimekuwa mtu, kilomita nane bila kusimama, huku nimefika nusu ya mlima nimeshika magoti nahema kama mbuzi wa sikukuu na watoto wawili wenye kuni kichwani wananipita wanasema pole babu. Babu! Nimejifunza taratibu, na kwa yeyote anayetaka kujaribu namwambia hivi, kupanda usipande na spidi ya lami, hatua ziwe fupi fupi, mwili uegemee mbele kidogo wote mzima sio kukunja kiuno, na pakiwa pakali tembea tu, weka viganja kwenye mapaja usukume, sio aibu, hata wanaoshindana milimani huko duniani wanatembea wakifika kwenye miinuko mikali. Kushuka ndo watu wanakudharau na ndo kunaumiza, maana misuli ya mbele ya paja inageuka kuwa breki, inakaza wakati huo huo inavutwa, hapo hapo husikii kitu ila kesho yake kukaa kwenye choo cha shimo ni mtihani. Inazoeleka, ukishuka mara ya pili na ya tatu maumivu yanapungua sana, mwili unakumbuka. Magoti yalegee, usijiegemeze nyuma, na macho yawe hatua tano mbele sio kwenye vidole vya miguu.

Alafu kuna msimu. Mvua zikianza kuchanganya kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili udongo wetu mwekundu ni sabuni, raba za soli laini ziache nyumbani, tafuta zenye meno, mtumba zipo ukichambua vizuri. Mvua zikiisha majani yamekuwa marefu kuliko mtu, hapo nyoka, mi sipiti wa kwanza asubuhi, nasubiri wanaoenda shamba wapite. Kiangazi ndo penyewe ila mwezi wa nane wa tisa watu wanachoma moto mashamba na milima, moshi unakaa mabondeni na kifua kinakataa.

Hizi njia zinapita wapi, hapo ndo utamu.

Ya kwangu ya katikati ya wiki inatoka Gungu inakata mashamba ya mihogo na vichochoro, inapanda inashuka, inapitia Buhanda na kuingia Ujiji kwa nyuma. Ukiingia Ujiji kwa lami unaona maduka na mabango. Ukiingia kwa nyuma unaanza na michikichi, alafu harufu ya mawese yanachemshwa kwenye mapipa, alafu nyumba za zamani za matofali ya tope zenye baraza, wazee wamekaa, bao linachezwa, na miembe mikubwa ambayo kivuli chake kinatosha harusi nzima. Huu mji watu wanauona kama kitongoji cha Kigoma wakati Kigoma ndo kitoto chake. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta Ujiji ni soko la pembe, chumvi, mawese na watu, bahati mbaya na watu, wakati hapo Kigoma mjini palikuwa bado hapajawa mji. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa inaishia hapa, kama kilomita 1,200 za miguu, na mwaka 2006 nchi yetu iliiweka kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara ya Tabora, Ujiji. Sasa hebu fikiria, njia ya miguu inatambulika mpaka Paris makao ya UNESCO lakini vipande vyake huku nyumbani mtu anamwagia zege.

Na kuna kitu kimoja kila nikipita pale kwenye makumbusho ya Livingstone nakikumbuka najikuta naongeza mwendo. Shuleni tulikaririshwa salamu ya Stanley ya mwaka 1871, ile ya kumuuliza Livingstone, mzungu mwenzake, kama ndo yeye, wakati mzungu alikuwa peke yake mji mzima. Lakini kabla ya hiyo salamu kulikuwa na mbio. Msafara wa Stanley ulishuka kutoka kwenye vilima unapiga bunduki hewani, na aliyempelekea Livingstone habari alikuwa Susi, mtumishi wake, alikuja mbio kwa nguvu zake zote, anahema maneno hayatoki vizuri, akasema kuna Mwingereza anakuja nimemwona, akageuka akatoka mbio tena kwenda kumlaki. Huyo ndo mkimbiaji wa kwanza wa Ujiji ambaye jina lake limeandikwa, na hamna hata kibao kinachosema Susi alikimbia hapa. Ni Susi huyo huyo na mtumishi mwenzake Chuma ambao mwaka 1873 Livingstone alipofia huko ambako sasa ni Zambia waliukausha mwili wake wakaubeba pamoja na wenzao mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Mi nikichoka kwenye kilima cha Buhanda najiambia Susi hakuwa na raba.

Watu wanauliza pia ziwa liko wapi, mbona hapo walipokutania ni mbali na maji. Ziwa wakati ule lilikuwa juu zaidi, maji yakaja kushuka baada ya mto Lukuga, unaotoa maji ziwani upande wa Kongo, kufunguka kwenye miaka ya 1870 mwishoni. Na miaka hii limepanda tena, Kibirizi kuna sehemu za ufukweni nilikuwa nakimbia sasa hivi zinapita mitumbwi, kwahiyo mwenye kupanga njia ya kukimbilia pwani ya ziwa apange na ya akiba.

Sasa ya Jumapili, moja kwa mwezi, ni Kalinzi. Hii ni ya kupanda haisi asubuhi, nauli ya kawaida tu, kona juu ya kona mpaka masikio yanaziba. Ziwa liko kama mita 773 kutoka usawa wa bahari na Kalinzi ni karibu 1,500, yaani umeenda juu karibu mara mbili, baridi inakupiga, migomba, maharage, kahawa kila upande, na kahawa ikichanua baada ya mvua za kwanza harufu yake inanukia kama asumini, unakimbia ndani ya manukato. Zamani nchi hii ya Kalinzi ilikuwa na mwami wake, yaani mtawala wake. Mi huwa naanzia hapo nakimbia mgongo wa mlima kuelekea Matyazo, kuna sehemu ukitokeza tu unaona upande wa pili ziwa liko chini kabisa kama bati jipya, na msitu wa Gombe unashuka kulifuata. Gombe kwenyewe hatuingii, ni hifadhi, kuna utaratibu wake na sokwe hawataki mafua yetu, tunaishia kuangalia.

Kule juu nilijifunza adabu. Kijijini mtu mzima akikimbia ni habari mbaya. Mara ya kwanza nimepita mbio, kichwa chini, simu mkononi inahesabu kilomita, kumbe nyuma yangu watu wanatoka ndani, wanawake wameshika vichwa, mzee mmoja na fimbo yake akakata kona akanisubiri mbele akanisimamisha, kijana nani amefariki? Nikamwambia hamna mzee, nafanya mazoezi. Akakaa kimya. Akaniuliza mazoezi ya nini, nikasema ya afya, akaangalia jembe lake akaangalia raba zangu, hakusema kitu, na mpaka leo naona alichotaka kusema. Tangu siku hiyo nikiona watu napunguza, natembea kabisa, napiga makofi mawili kwa heshima ya Waha, nasalimia kwa Kiha, mwakeye, najibiwa, naulizwa habari za nilikotoka, naondoka. Dakika zinapotea kweli, programu ya simu inalalamika eti spidi imeshuka. Ishuke. Na ukikuta msiba usipite unakimbia, zunguka au tembea umeinamisha kichwa. Ujiji nako ukipita karibu na msikiti wakati wa swala bukta fupi sio vazi, mke wangu siku hizi tunaenda wote anavaa suruali na dera juu anafunga na kanga kiunoni na bado ananiacha kwenye kushuka.

Na kuna kitu hakiko kwenye ramani yoyote ya simu. Unakimbia porini katikati ya miyombo, hamna nyumba, ghafla miembe minne imepangwa mstari, ua wa minyaa, jiwe la kusagia limepasuka. Mahame. Hapo palikuwa na watu. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilipokuja, na Kigoma ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo mwanzo, watu wakatolewa kwenye miji yao ya milimani wakapelekwa kando ya barabara, nyumba zikabaki na popo. Lakini njia hawakuziacha, maana mashamba yalibaki huko, makaburi yalibaki huko, embe zilibaki huko, mpaka leo mtu anatoka kijiji kipya alfajiri anaenda kulima kwa babu yake kwa ile ile njia. Kwahiyo unapoikuta njia iko mahali ambapo huoni sababu ya kuwepo njia, jua sababu ipo, wewe ndo huijui.

Naja sasa kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Kulikuwa na njia yangu ya tatu, niliyoipenda kuliko zote. Inatoka upande wa Bangwe inafuata vilima inaenda Katonga, ziwa liko mkono wa kulia muda wote, maji yake ukiyaangalia kutoka juu yanabadilika rangi, na siku ukiwa na bahati mitumbwi ya dagaa inarudi imepangana. Sio ndefu ila inapanda inashuka kama mawimbi. Wavuvi wanapita, wanafunzi wanapita, wamama wa mihogo wanapita. Mwaka jana nimeshuka kona moja nakuta mabati. Njia imeingia kwenye mabati, kama nyoka aliyekatwa. Nikagonga, akatoka mlinzi, kijana mpole tu, akasema mzee hapa ni kiwanja cha mtu, mwenyewe yuko mbali, zunguka. Nikamuuliza nizungukie wapi, akaonyesha korongo. Wanafunzi sasa wanapita korongoni, mvua zikija sijui. Mwezi wa nne mabati yakatolewa ukajengwa ukuta.

Nikaenda kuuliza kwenye ofisi moja, sitaitaja, wala sina ugomvi na yule dada aliyenihudumia maana alinikaribisha vizuri na kiti akanipa. Akafungua ramani ya viwanja, akaitafuta, akaniambia baba hapa hakuna njia. Nikamwambia mi nimepita hapo miaka miwili na watu wamepita tangu sijazaliwa. Akasema naelewa, lakini kwenye ramani hakuna njia. Na alikuwa anasema kweli! Mpima alipokuja alipima mawe manne ya kona, barabara ya gari akaiacha, njia ya miguu akaiona ni majani yaliyokanyagwa. Mwenye kiwanja naye hana kosa, kanunua mraba wake, kalipia, kajenga. Hakuna mwizi hapa, ndo maana inauma, kwasababu ukikosa wa kumlaumu unakosa na pa kuanzia.

Mdogo wangu aliyewahi kusoma Uingereza nilipomhadithia akacheka. Anasema kule milima na vijiji vya kale vimejaa njia za miguu na watu wanazikimbia kila wikiendi, zinapita katikati ya shamba la mtu, katikati ya ng'ombe, zinaruka uzio kwa ngazi ndogo ya mbao, na mwenye shamba hawezi kufunga kwasababu kuna sheria ya mwaka 1949 iliyozitaka halmashauri zichore njia zote za miguu kwenye ramani rasmi, ikishachorwa imechorwa, uza shamba nunua shamba njia inabaki. Na wanaokimbia sio mabingwa tu. Mwaka 1932 kuna mwenye nyumba ya wageni wa mji wa Keswick, Bob Graham, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, alizunguka vilele 42 vya milima ya kwao ndani ya saa 24, na mpaka leo watu wanafuata mzunguko wake kujipima. Mwenye gesti! Mi fundi cherehani sijamzidi sana umri, sina mpango wa vilele 42 lakini kutoka Bangwe mpaka Katonga naomba.

Sisemi tuwe Waingereza. Nasema sheria zetu zenyewe zina mlango. Vijijini Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na vijiji vingi vinapangiwa mpango wa matumizi ya ardhi, eneo la kulima hapa, malisho pale, msitu kule. Kwenye karatasi hiyo hiyo mtu achore na njia za miguu, ina ugumu gani? Waiteni wale wamama wa mawese na watoto wa kuni mbele ya ramani waonyeshe kwa kidole, nusu siku imeisha. Pembeni ya ziwa ndo rahisi kabisa, Sheria ya Mazingira ya 2004 imeshakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, hizo mita 60 zikiheshimiwa njia ya ufukweni inajilinda yenyewe bila kikao. Na mjini, wapimaji wetu, tafadhali, kabla hamjapiga jiwe la kona simameni saa moja ya asubuhi mhesabu wanaopita. Upana wa mita mbili tu kati ya kiwanja na kiwanja. Mita mbili mtu anapita na ndoo kichwani bila kugusana na mwenzake, mkimbiaji anapita, baiskeli ya ndizi inapita.

Na waandaaji wa mbio, kuna siku mtakuja na huku, najua mtakuja maana fulana zinauzika. Msitupeleke kuzunguka lami kutoka stesheni mpaka Ujiji na kurudi kana kwamba tuko Posta ya Dar. Anzieni stesheni sawa, lile jengo la Mjerumani ni zuri na reli ilifika 1914, pandeni Lumumba chini ya miembe yake, lakini mkifika juu tuingizeni kwenye njia nyekundu, tumalizie Ujiji pale Susi alipokimbilia. Anzeni saa moja kamili sio saa kumi na mbili, nimeshaeleza kwanini. Maji nunueni kwa wenyeji, na sehemu ya kiingilio isafishe njia zenyewe, jembe na fyekeo vinatosha, hamna haja ya lami wala zege. Jamani lami hapana.

Yule mama wa ndoo tumekuwa marafiki, nimemshonea gauni la kipaimara cha mjukuu wake. Huko kwao wameitwa mkutano mkuu wa kijiji, mpango wa ardhi utajadiliwa, na kuna mtu anataka kipande kile cha mlima ambacho njia yetu inapita. Nilimwambia nitakuja niongee, akanikatalia, akasema wewe baba ni mtu wa mjini watasema umetumwa. Amesema yeye ataongea, mimi niandike gazetini. Mkutano ni wiki mbili zijazo, kwahiyo Mhariri ukipata nafasi wahi kuichapa, nataka aende nayo mkononi.

Fundi cherehani,
Gungu, Kigoma.

NB. Raba ya kushoto imetoboka. Mwenye namba 42 yenye meno asiiuze kwa dalali, aniulizie kwenye vibanda vya mafundi soko la Mwanga.